Mbegu Inayoelea: Kufundisha Uotaji kwa Kutumia Yungiyungi

Utangulizi

Walimu wengi wa sayansi katika shule za msingi hufundisha uotaji wa mbegu kwa kutumia maharage na mahindi. Jambo hili ni jema, kwa kuwa mbegu hizo hupatikana kila mahali na huota upesi. Lakini mwanafunzi aliyeona maharage yakiota katika darasa la tatu, akayaona tena katika darasa la tano, aghalabu huwa amekwisha kukariri majibu kabla mwalimu hajauliza maswali. Katika makala haya twapendekeza mbegu nyingine, nayo ni ya yungiyungi, mmea wa majini ambao majani yake huelea na ambao viazi vyake na mbegu zake huliwa.

Hatukulipata pendekezo hili vitabuni. Tulilipata kutokana na kosa, nasi tulishiriki katika kosa hilo. Mwanachuo wetu mmoja alikuwa katika mazoezi ya kufundisha kwenye shule iliyo karibu na ziwa. Wiki iliyotangulia alikuwa amewafundisha wanafunzi wa darasa la tano namna ya kuchagua mbegu bora: mbegu humwagwa majini, zinazozama huchukuliwa, zinazoelea hutupwa. Siku hiyo wanafunzi walileta tunda bivu la yungiyungi. Walipolipasua ndani ya beseni, mbegu zote zilielea. Mwanachuo aliwauliza kanuni, nao wakaijibu kwa sauti moja, kisha akaamuru beseni limwagwe. Msichana mmoja alinyosha mkono, akasema, “Mwalimu, hizo zitazama kesho.” Mwanachuo akamjibu kwamba kanuni ni kanuni, na somo likaendelea.

Sisi tulikuwa tumeketi nyuma ya darasa na fomu ya tathmini mkononi. Hatukujua zaidi ya mwanachuo wetu. Tuliandika kwamba amelimudu darasa na kwamba amerejea vizuri somo lililopita. Hatukuandika kwamba yule msichana hakunyosha mkono tena hadi kengele ilipolia. Asubuhi ya pili alikuja na kopo. Alikuwa amebakiza mbegu chache, nazo zote zilikuwa zimetulia chini ya maji.

Twaomba walimu wenzetu watafakari tukio hilo kabla ya kusoma hatua za somo. Mtoto yule alikulia kando ya ziwa, na alichokijua hakikuwamo katika andalio la somo wala katika fomu yetu.

Kwa nini mbegu hii huelea?

Kanuni ya mwanachuo haikuwa ya uongo. Ilitumiwa mahali pasipoihusu. Harage bovu huelea kwa sababu mdudu ameula moyo wake na kuacha nafasi iliyojaa hewa. Mbegu ya yungiyungi huelea ikiwa nzima kabisa, kwa kuwa imezungukwa na kifuko chepesi, cheupe na laini, kinachoshika hewa. Hewa ya harage imo ndani ya mbegu, na ni dalili ya uharibifu. Hewa ya yungiyungi iko nje ya mbegu, na ni chombo cha safari. Upepo na mkondo huzichukua mbegu mbali na mmea mama. Baada ya saa kadhaa, au siku moja mbili tatu, kifuko huoza, hewa hutoka, na mbegu huzama penye tope.

Hapa mwalimu ana nafasi adimu ya kuwafundisha wanafunzi kwamba kanuni ya sayansi ina sababu yake, na kwamba anayeijua kanuni bila kuijua sababu hawezi kutambua mahali inapokoma.

Mmea wenyewe

Katika Afrika Mashariki aina mbili hujulikana zaidi. Ya kwanza ina maua ya rangi ya samawati, ambayo hufunguka mchana na kusimama juu ya maji. Ya pili ina maua meupe yanayofunguka usiku na kujifunga asubuhi jua linapopanda, na kingo za majani yake zina meno. Aina zote mbili hushika mizizi katika tope la chini, na majani yake huletwa juu na mabua marefu. Kiazi chake huitwa toro na baadhi ya watu wa pwani. Mwalimu na aulize jina linalotumika mahali alipo, na aliandike ubaoni pamoja na jina la Kiswahili sanifu.

Mambo matatu katika umbo la mmea huu yanafaa kuchunguzwa na wanafunzi. Kwanza, uso wa juu wa jani una nta, hata tone la maji huviringika juu yake bila kuulowesha. Pili, vitundu vya kupumulia, yaani stomata, ambavyo katika mimea mingi ya nchi kavu huwa vingi zaidi upande wa chini wa jani, hapa viko upande wa juu, kwa kuwa upande wa chini umelala majini. Tatu, bua lina mirija ya hewa inayofika hadi kwenye mizizi, maana tope la chini halina oksijeni ya kutosha. Mwaka 1980 mtaalamu John Dacey wa Marekani alieleza kwamba katika mmea mmoja wa jamaa ya yungiyungi, hewa huingia kupitia majani machanga, hushuka hadi kwenye shina lililo topeni, kisha hupanda na kutokea kwenye majani makuukuu. Mwanafunzi anaweza kuithibitisha mirija hiyo kwa kukata bua chini ya maji na kulibinya: mapovu yatatoka palipokatwa.

Baada ya ua kuchavushwa, bua lake hujikunja na kulivuta tunda chini ya maji. Tunda huivia huko kwa muda wa wiki mbili hadi nne, au zaidi kidogo, kutegemea joto. Likiiva hupasuka na kuachilia mamia ya mbegu, kila moja ikiwa na urefu wa milimita moja hadi mbili tu. Mvuvi anayepita asubuhi huona utando wa vitone juu ya maji. Akirudi siku nyingine hauoni tena.

Beseni, si bwawa

Mwalimu mwenye ari anaweza kushawishika kuwapeleka wanafunzi bwawani wakachume matunda wenyewe. Twamsihi asifanye hivyo. Maji yaliyotulia yenye mimea ndiyo makao ya konokono wanaoeneza kichocho. Vijidudu vya ugonjwa huo hutoka kwa konokono, huogelea, na hupenya ngozi ya mtu bila yeye kuhisi jambo kubwa. Mtoto mmoja akiingia majini hadi magotini kwa dakika chache anaweza kurudi na ugonjwa utakaomsumbua kwa miaka mingi asipotibiwa. Zaidi ya hayo kuna kina kisichojulikana, na mahali pengine kuna mamba na viboko.

Hii ndiyo sababu kubwa ya kuotesha mmea huu kwa mbegu ndani ya mabeseni. Tunda moja, lililochumwa na mtu mzima akiwa ndani ya mtumbwi, latosha kwa shule nzima. Kisha darasa lina bwawa lake dogo, safi, lisilo na konokono. Maji ya bomba, ya kisima au ya mvua yanafaa. Ikiwa hapana budi kutumia maji ya ziwa, na yachotwe na mtu mzima, yachujwe kwa kitambaa ili kuondoa konokono, na yahifadhiwe kwa siku mbili kamili kabla ya mtoto kuyagusa. Vijidudu vya kichocho visivyompata mtu havidumu zaidi ya muda huo.

Beseni nalo lina hatari yake, nayo ni mbu. Yai la mbu linaweza kuwa mbu kamili kwa muda wa siku saba hadi kumi katika hali ya joto. Kwa hiyo kila beseni lifunikwe kwa kipande cha chandarua kilichofungwa kwa kamba ukingoni, na mara moja kila wiki maji ya juu yamwagwe taratibu juu ya ardhi kavu na kujazwa mapya. Kazi hiyo ipewe zamu, na zamu iandikwe ukutani. Mwalimu asiyeweza kuisimamia zamu hii asilianze somo hili.

Vifaa

Somo lahitaji mabeseni au ndoo kuukuu zisizovuja, vikopo vinne vya ukubwa mmoja kwa kila kikundi, udongo wa mfinyanzi au wa bustani usio na samadi, mchanga uliooshwa, chandarua kilichochakaa, rula, na daftari la kumbukumbu. Samadi mbichi isitumiwe, kwa kuwa huoza majini, huchafua maji, na hulisha ukijani utakaoisonga miche.

Ili mbegu zisipotee tunda linapopasuka, mvuvi na aombwe kulifunga tunda changa ndani ya kifuko cha kitambaa chepesi likiwa bado kwenye bua, na kulichuma baada ya kupasuka humo. Asiyepata mvuvi wa kumsaidia anaweza kupokea tunda lililokomaa na kulihifadhi katika kopo la maji hadi lifunguke lenyewe.

Hatua za somo

Kipindi cha kwanza. Mwalimu apasue tunda mbele ya wanafunzi ndani ya bakuli la maji, asiseme neno. Wanafunzi watazame, kisha waandike wanachokiona na wanachodhani kitatokea kufikia kesho. Kila mmoja aandike lake kabla ya kusikia la mwenzake. Mwalimu akusanye makisio yote ubaoni bila kulisifu wala kulikosoa hata moja. Aulize pia nani amewahi kuuona mmea huu, na nyumbani kwao huutumiaje. Asiharakishe. Mara nyingi anayejua zaidi ndiye anayechelewa kusema.

Kipindi cha pili, siku inayofuata. Wanafunzi wahesabu mbegu zilizozama na zinazoelea, na warudie kuhesabu kila siku hadi zote zizame. Wachore jedwali. Kisha waweke harage bovu na mbegu mpya ya yungiyungi katika bakuli moja, na waeleze kwa maneno yao ni wapi hewa ilipo katika kila moja. Baada ya mazungumzo hayo, na si kabla yake, mwalimu alete neno uzito-wiano.

Kipindi cha tatu. Kupanda. Udongo wenye kimo cha sentimita tano hutandazwa chini ya kikopo na kushindiliwa kidogo. Mbegu zilizozama hutawanywa juu yake na kufunikwa kwa mchanga mwembamba sana, wa kuzishika tu zisihame. Maji humiminwa taratibu juu ya jani au karatasi ili yasivuruge udongo, hadi yafikie sentimita tatu hadi tano juu ya mchanga. Vikopo huwekwa penye jua. Joto la maji la nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi linafaa.

Kwa jaribio, kila kikundi kiwe na vikopo vinne vyenye mbegu 20 kila kimoja. Kikopo A kiwe kama tulivyoeleza. Kikopo B kipandwe mbegu zilizokaushwa kivulini kwa wiki mbili. Kikopo C kiwe kama A, lakini kifunikwe kwa sanduku lisilopitisha mwanga. Kikopo D kiwe na udongo ulioloweshwa tu, usio na maji juu yake. Wanafunzi waeleze kabla ya kuanza ni jambo gani moja linalotofautisha kila kikopo na A. Asiyeweza kulitaja bado hajaelewa jaribio, hata kama mikono yake imefanya kazi safi.

Kipindi cha nne na kuendelea. Mbegu huchipua baada ya wiki moja hadi nne. Jani la kwanza ni jembamba kama uzi. Yanayofuata ni mapana zaidi, lakini hubaki chini ya maji. Hatimaye jani la kwanza linaloelea hufika juu, na siku hiyo wanafunzi hushangilia, kwani wamelingoja sana. Waandike tarehe ya kila hatua. Mche ukiwa na majani matatu au manne yanayoelea, uhamishiwe kwenye ndoo yake peke yake, na kina cha maji kiongezwe kidogo kidogo kila wiki, kamwe jani lisizamishwe ghafla.

Hesabu ya somo

Somo hili laweza kuunganishwa na hisabati. Tuseme katika kikopo kimoja mbegu 20 zilipandwa na 13 zikachipua. Kiasi cha uotaji ni 13 kugawanya kwa 20, mara 100, yaani asilimia 65. Vikundi vyote vijumlishe matokeo yao, na darasa lijadili kwa nini jumla ya darasa inaaminika kuliko kikopo kimoja. Takwimu tulizoandika hapa ni mfano wa kukokotoa tu. Mwalimu asizitumie kuyasahihisha matokeo ya wanafunzi wake. Wakipata sifuri, waandike sifuri, kisha watafute sababu.

Juu ya ukavu

Kikopo B ndicho chenye mafunzo mengi. Mayungiyungi yanayoota katika madimbwi ya msimu hupitisha kiangazi yakiwa mbegu au viazi ndani ya tope. Je, mbegu zake zavumilia kukauka kwa kiasi gani? Wanafunzi watajibu kwa vikopo vyao.

Mwalimu anaweza kuwapa mifano miwili ya mbali. Nchini India hulimwa mmea unaoelea uitwao singhara, ambao tunda lake lina pembe na huliwa. Mbegu yake hufa ikikauka, kwa hiyo wakulima huihifadhi majini hadi msimu wa kupanda. Kinyume chake ni mbegu ya yungiyungi takatifu la Asia, ambalo majani yake husimama juu ya maji. Ganda lake ni gumu mno, na lazima likwaruzwe ili maji yapenye. Mwaka 1995 mtaalamu Jane Shen-Miller na wenzake walitangaza kwamba mbegu moja iliyochimbuliwa katika ziwa lililokauka kaskazini-mashariki mwa China ilikuwa imeota ikiwa na umri wa miaka 1,300 hivi. Mimea mitatu ya majini, na njia tatu za kuungoja msimu.

Kutoka ndooni hadi sahani

Yungiyungi ni chakula cha zamani. Herodotus, Mgiriki aliyeandika katika karne ya 5 kabla ya Kristo, alieleza kwamba Wamisri walikusanya mayungiyungi yaliyoota katika mashamba yaliyofurika, wakayakausha, wakasaga sehemu ya katikati ya ua na kuoka mikate. Mzizi wake nao, alisema, uliliwa, nao ulikuwa mviringo, ukubwa wa tofaa. Katika mabonde ya mito na kando ya maziwa ya Afrika, viazi vyake vimewasaidia watu wengi mafuriko au ukame ulipoharibu mashamba. Humenywa na kuchemshwa, au hukaushwa na kusagwa. Vikiwa vichungu, maji ya kwanza humwagwa. Mbegu hukaangwa na kusagwa.

Mwalimu na awaalike wazee, hasa akina mama, waeleze wenyewe namna ya kupika. Lakini mambo matatu yasisahauliwe. Mmea wa majini usiliwe mbichi, kwa kuwa hatua changa za minyoo ya ini hujibandika kwenye mimea ya maji na kumwingia anayeila. Mmea uliotoka kwenye maji machafu ya mji au kiwanda usiliwe kabisa, hata ukipikwa. Na hakuna kitakachopikwa shuleni kabla ya mtu mzima anayeujua mmea huo kuthibitisha kwamba ndio wenyewe.

Tuseme pia ukweli kuhusu mavuno. Yungiyungi lililooteshwa kwa mbegu huhitaji miezi mingi ndipo litoe ua, na kiazi cha kutosha kupika huhitaji muda mrefu zaidi. Ndoo nne hazitalisha shule. Falsafa ya Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa nchini Tanzania mwaka 1967, ilitaka kazi ya mikono ifundishe, na kazi hii hufundisha hata isipojaza sufuria.

Onyo moja la mwisho: gugu maji lisiletwe shuleni kwa kisingizio cha somo hili, ingawa nalo huelea na lina ua zuri. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na tangu kuonekana katika Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980 limefunga njia za mitumbwi na kuwatia wavuvi hasara. Wala miche ya ziada ya yungiyungi isitupwe mitoni. Irudishwe palepale tunda lilipotoka.

Maswali ya tathmini

1. Kwa nini mbegu nzima ya yungiyungi huelea, na kwa nini baadaye huzama?
2. Harage lililobunguliwa na mbegu mpya ya yungiyungi zote huelea. Eleza zinavyofanana na zinavyotofautiana.
3. Stomata za yungiyungi zingekuwa upande wa chini wa jani, mmea ungepata shida gani?
4. Katika jaribio letu, ni vikopo gani viwili vinavyopima umuhimu wa mwanga?
5. Taja kanuni moja unayoitumia nyumbani au shambani. Sababu yake ni nini? Ni wapi haifai?

Swali la tano ndilo gumu kuliko yote, na twalipenda kuliko yote.

Hitimisho

Wiki ile ile mwanachuo wetu alirudi darasani na lile kopo. Aliwaambia wanafunzi kwamba alikosea, akamwita yule msichana mbele, na kumwomba aeleze alijuaje. Alisema kwamba baba yake ni mvuvi, na kwamba asubuhi moja aliziona mbegu zimetanda juu ya maji, na kesho yake hazikuwapo. Maelezo yake hayakuzidi dakika mbili. Wenzake walimwuliza maswali kwa muda wote uliobaki.

Sisi nasi tuliirudia fomu yetu ya tathmini. Ilikuwa na nafasi ya kuandika kama mwalimu aliuliza maswali ya kutosha. Haikuwa na nafasi ya kuandika kama alisikiliza jibu ambalo hakulitazamia. Tumeiongeza nafasi hiyo, na twawashauri wakufunzi wenzetu wafanye vivyo hivyo kabla ya mazoezi yajayo ya kufundisha.